Ukoo Uliovimba Darini

Fundi Kioo hakusingiziwa jina. Plasta yake ikikauka, watu walisema unaweza kusimama mbele yake ukachana nywele, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema hivyo. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mwembamba kama mpini wa jembe, na kwa miaka thelathini na ushei alikuwa amelainisha kuta na dari za watu bila kuitwa na yeyote arudi kurekebisha kitu. Ndiyo maana yaliyompata nyumbani kwa dada yake yalimuuma mara mbili. Kwanza, yalimpata. Pili, yalimpata juu ya kichwa cha shemeji yake, mtu ambaye ukimpa upenyo wa kukucheka, mwaka unakwisha hajachoka.

Shemeji huyo alikuwa mkaguzi wa mizani mstaafu. Maisha yake ya kazi aliyapitisha akiingia madukani na mkoba wa mawe ya kupimia. Huweka jiwe la kilo kwenye mzani wa mwenye duka, kisha asiutazame mzani, amtazame mwenye duka usoni. Mawe aliyarudisha serikalini alipostaafu, lakini jicho lile alibaki nalo. Mtaa mzima ulimwita Mkaguzi.

Basi siku moja Mkaguzi alianguka kutoka kwenye stuli chumbani kwake, akavunjika mguu. Alikuwa akibadilisha balbu, alisema. Hospitali wakamfunga plasta kuanzia pajani hadi vidoleni na kumpa masharti: wiki sita kitandani, chali, mguu juu ya mito mitatu.

Mkewe, dada yake Fundi Kioo, alikuwa msimamizi wa wasafishaji katika jengo la ofisi lenye ghorofa nane. Mwanamke wa kimo kirefu, mwenye mikono ya kukamua tambara hadi likapiga kelele. Mumewe akiwa bado hospitali, alimwita mdogo wake chumbani akamwonyesha dari.

"Mdogo wangu, huyu mtu atalala chali wiki sita akitazama hapa. Tazama mwenyewe. Madoa, nyufa, na chokaa iliyopakwa kabla hatujazaliwa. Nipigie plasta mpya juu yake kabla hajarudi."

"Hiyo tu? Siku nne."

"Lakini uoshe kwanza. Chokaa ya zamani ukiigusa inakuachia unga mkononi. Plasta haiwezi kushika juu ya unga."

"Dada, leo unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi. Nakwambia uoshe."

Fundi Kioo alicheka, akaitikia, na hakuosha.

Haikuwa uvivu. Tangu mwaka uliotangulia bega lake la kulia lilikuwa limeharibika. Kuta alizimudu, lakini akiinua mkono juu ya kichwa kwa zaidi ya dakika tatu, maumivu yalishuka kutoka shingoni hadi kiwikoni kama maji ya moto. Kuosha dari nzima kwa sponji na ndoo, kukwangua, kusuuza, kuosha tena, hiyo ni kazi ya mikono juu siku mbili kamili. Na habari ya bega hakumwambia mtu, kwa kuwa fundi wa dari asiyeweza kuinua mkono ni sawa na mwimbaji aliyekauka koo. Hakumwambia daktari. Hakumwambia hata mke wake, aliyedhani ile dawa ya kuchua ni ya magoti.

Kwa hiyo alipitisha ufagio tu. Kabati kubwa la nguo, ambalo mafundi seremala walilijengea humohumo chumbani na halikuwa na njia ya kutoka, alilifunika na nailoni bila hata kulifuta juu. Akachanganya jipsamu, unga wa kupigia plasta, akapanda, akaanza kupaka.

Alipofika kwenye kulainisha, mambo yakaanza. Kijilengelenge kimoja kilitokea karibu na balbu, kama kile cha mtu aliyeshika sufuria ya moto. Akakikandamiza na bamba la chuma. Kikalala. Akageuka upande wa pili. Aliporudi, kimeamka na kimeita wenzake wawili. Akavikandamiza vyote. Bega likamwambia imetosha. Siku ya nne, plasta ikiwa bado ina mabaka meusi ya unyevu, akaifunika yote na rangi nyeupe, akakusanya vyombo, akamwambia dada yake kazi imekwisha.

"Uliosha?"

"Dada! Mimi nisioshe?"

Mkaguzi akaletwa nyumbani, akalazwa, akatazama juu, akasifu. Sifa zake zilidumu usiku mmoja. Asubuhi simu ya Fundi Kioo ikalia.

"Shemeji, njoo. Dari yako imeshika mimba."

"Nini?"

"Na si ya mtoto mmoja."

Fundi Kioo alifika akakuta dari imetoa malengelenge kumi na moja. Mengine madogo kama shilingi, mengine mapana kama sahani. Akapanda kwenye kiti, akagonga na kifundo cha kidole. Sehemu iliyoshika ilijibu tatata, kama mlango. Kwenye lengelenge sauti ilikuwa pu, kama boksi tupu.

"Ni hewa," alisema.

"Hewa imetoka wapi?"

"Joto la siku hizi. Unyevu. Na wewe, shemeji, naambiwa unakoroma sana. Ukilala chali pumzi yote inapanda juu."

Mkaguzi alimtazama usoni kwa namna ileile aliyowatazama wenye maduka. "Nimekoroma chini ya dari ile ya zamani miaka ishirini na mbili. Haikuvimba hata siku moja." Kisha akagonga plasta ya mguu wake. "Hii je? Daktari aliipiga huku anaongea na simu. Njoo utafute lengelenge hata moja. Njoo, usiogope."

Fundi Kioo akashuka kwenye kiti. Akasema atayaacha yakauke yajirudi yenyewe. Hayakujirudi.

Mtu aliyelala chali mchana kutwa lazima atafute kazi, na Mkaguzi alikuwa na kipande cha boksi na penseli. Akachora dari yote, akaweka kila lengelenge mahali pake, na kila moja akalipa jina la mtu wa ukoo wa mkewe. Lile kubwa la duara lililokaa katikati, karibu na balbu, lililoonekana kabla ya mengine yote ukiingia, alilipa jina la mama mdogo. Lile pana zaidi, lililopasuka katikati likawa halijulikani linaegemea wapi, lilikuwa mjomba, maana mjomba kwenye ugomvi wowote wa familia hakosi kukubaliana na pande zote mbili. Na lile karibu na mlango, lililoonekana dogo asubuhi kisha kufikia jioni limetanuka, likawa Fundi Kioo mwenyewe. Pembeni aliandika: *linapanuka likisifiwa.*

Jumamosi ukoo ukaja kumjulia hali mgonjwa. Fundi Kioo hakutaka kwenda, lakini dada yake alimpigia simu mara tatu, na ya tatu hakusema neno, alipumua tu. Akaenda. Akamkuta mama mdogo amekalia kiti kando ya kitanda, mkongojo katikati ya magoti, na mjomba amesimama dirishani. Boksi la Mkaguzi lilikuwa mikononi mwa mama mdogo.

"Hebu nionyeshe," alikuwa akisema. "Mimi niko wapi?"

"Pale katikati, mama. Mahali pa heshima."

Mama mdogo akainua kidevu, akajitazama kwa muda. Fundi Kioo aliomba kimoyomoyo bibi yule akasirike, ili Mkaguzi apate cha kujibu. Mama mdogo alikasirika kweli, ila si kwa sababu aliyotarajia.

"Mbona mjomba wenu ni mkubwa kuliko mimi?"

"Huyo kapasuka, mama. Ukubwa wake ni ufa."

"Ni kweli," alisema mjomba. "Ingawa na mama mdogo naye ana haki."

"Mimi ndiye mkubwa wa ukoo huu," alisema mama mdogo, akiinuka. "Na nimeshika vizuri. Si mtu wa kuanguka ovyo. Tazameni." Akainua mkongojo juu, na kabla ya mtu kumzuia akajigonga mwenyewe mara mbili kwa nguvu.

Mara ya pili akaanguka. Bamba la plasta lenye ukubwa wa sinia lilishuka zima, likatua kifuani kwa Mkaguzi, pwaa, likatoa wingu jeupe. Mama mdogo akapiga kelele. Mjomba akasema "Pole," bila kueleza anamwambia nani. Mkaguzi alikohoa, akajipangusa macho, akalishika lile bamba kwa uangalifu kama hati ya serikali, kisha akaligeuza.

Nyuma yake kulikuwa na chokaa. Unga mtupu, tabaka zima limebanduka na kushikamana na plasta badala ya kubaki darini. Na juu ya unga huo, umekaa vilevile ulivyofumwa, utando wa buibui. Na ndani ya utando, miguu imekunjwa vizuri, mwenye nyumba.

Dada alipitisha kidole kwenye unga. Akakitazama. Akamtazama mdogo wake.

"Ulisema umeosha."

"Niliosha," alisema Fundi Kioo, na sauti ikamtoka nyembamba. "Labda kona hii tu..."

"Hii si kona, ni katikati," alisema Mkaguzi. Akamwinua yule buibui mkavu kwa ncha ya penseli, aonekane na kila mtu. "Na huyu naye alioga?"

Chumba kikaangua kicheko. Mama mdogo alicheka hadi akalazimika kukaa. Mjomba alicheka, akaacha, akacheka tena. Fundi Kioo akatoka nje, akasimama kwenye kamba ya nguo kati ya mashuka mawili, uso ukimwaka. Dada yake hakumfuata. Alimwambia kupitia dirishani, bila hata kupandisha sauti, "Jumatatu asubuhi. Uje na kila kitu."

Jumatatu alikuja na kila kitu: ngazi mbili, mbao za jukwaa, ndoo, vikwangulio, gundi nyeupe ya maji, mfuko wa jipsamu. Dada alikuwa ameshakwenda kazini. Fundi Kioo alitaka mgonjwa abebwe kwa kiti hadi sebuleni, lakini Mkaguzi alikataa kata kata.

"Kazi bila mkaguzi ndiyo iliyotufikisha hapa," alisema. Akatandikiwa nailoni juu ya shuka, akafungua mwavuli mweusi mkubwa, akaulaza begani, na kila alipotaka kuona jambo aliusogeza kando kidogo, kama mtu anayechungulia mvua.

Fundi Kioo akapanda. Kulikata lengelenge moja moja na kuziba mashimo isingefaa. Kama tatizo lingekuwa mahali pawili patatu, sawa, unakata kwa kisu hadi ufike penye kushika, unapaka gundi, unajaza. Lakini hapa ni dari nzima iliyokaa juu ya unga. Yote ilipaswa kushuka. Akaanza kukwangua, na plasta yake mwenyewe ikawa inamwagika chini vipande vipande, mabaki ya mama mdogo, mjomba, shangazi, binamu, na hatimaye yeye.

Mwavuli ulikuwa ukinguruma kwa makombo. Baada ya muda ukasogea kando.

"Shemeji."

"Enhe."

"Nimekuhesabu. Unakwangua mara kumi na mbili, unashusha mkono. Mwanzo nilidhani ni mbwembwe. Sasa umehamia mkono wa kushoto, na wewe si wa kushoto."

"Nabadilisha tu."

"Tena umeuma meno. Geuka unitazame."

Fundi Kioo hakugeuka. Alikaa juu ya mbao, miguu ikining'inia, kikwangulio mapajani, na kwa mara ya kwanza kwa zaidi ya mwaka akasema. Alisema lilipoanzia, alisema juu ya dawa ya kuchua, alisema alivyoikataa kazi ya dari ya shule kwa kisingizio cha safari. Alisema kwa kuitazama dari, maana hapo palikuwa rahisi kuliko uso wa shemeji.

Alingoja mzaha. Haukuja.

"Mkeo hajui?"

"Hajui. Dada hajui. Na usimwambie, shemeji, nakuomba. Ataniambia niache kazi."

"Mimi nikiona jambo huwa naripoti," alisema Mkaguzi polepole, na ndani ya sauti yake ule utundu ukaanza kurudi, kama mtu anayejinyoosha baada ya kulala. "Hata hivyo, kuna masharti yanayoweza kuzungumzwa. Kwa mfano, mgonjwa anapenda chai yake iwe..."

Fundi Kioo hakusubiri amalize. Aliona ni heri afanye kazi kuliko kusikiliza masharti, akasogeza mbao hadi kwenye kabati na kuvuta ile nailoni ya zamani. Safari hii alitaka kulifuta juu kama inavyotakiwa. Nyuma ya ukingo wa mbele wa kabati, mahali ambapo mtu aliyesimama chini hawezi kuona, palikuwa na kopo. Akalifungua. Biskuti za krimu, zimepangwa safu kwa safu, na safu moja imeliwa hadi nusu.

Alijua, kama ukoo mzima ulivyojua, kwamba daktari alikuwa amempiga shemeji marufuku ya sukari miaka miwili iliyopita. Akatazama balbu, iliyoning'inia katikati ya chumba, juu kabisa ya kitanda. Akatazama sakafu mbele ya kabati, pale dada yake aliposema alimkuta mumewe ameanguka na stuli.

"Shemeji," alisema. "Ile balbu uliyokuwa unabadilisha. Ilikuwa na krimu ya maziwa au ya chokoleti?"

Mwavuli ukafungwa taratibu. Mkaguzi akaonekana mzima, na uso wake ulikuwa ule ambao yeye mwenyewe aliutafuta kwa miaka mingi kwenye maduka ya watu.

"Ya chokoleti," alisema.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda vizuri ajabu. Masharti hayakuzungumzwa tena. Badala yake Mkaguzi, aliyekuwa na akili nyingi na sasa ana sababu ya kuzitumia vizuri, aliuliza kwa nini mtu aoshe dari na sponji ya mkononi wakati kwenye stoo ya mkewe mna madekio ya mpini mrefu ya kila aina. Fundi Kioo akalijaribu moja. Alisimama sakafuni, mikono usawa wa kifua, akaisugua dari kama mtu anayepiga deki nyumba iliyopinduliwa, na bega halikulalamika. Ndoo ya kwanza ilitoka nyeupe kama maziwa. Ya tatu kama maji ya kuoshea mchele. Mpaka ya saba maji yakatoka maji.

"Kipimo," alidai Mkaguzi, akamrushia soksi nyeusi, ile ya mguu uliovunjika, ambayo haikuwa na kazi. Fundi Kioo akaifunga kwenye mpini, akaiburuta kutoka ukuta hadi ukuta. Ikarudi na mstari mweupe. Wakaosha tena. Safari ya pili ikarudi nyeusi tii, na wote wawili wakaitazama kwa furaha, kama wazazi waliopokea matokeo ya mtoto.

Jumanne dari ikaachwa ikauke, kisha ikapakwa gundi iliyochanganywa na maji. Jumatano, gundi ikiwa imekauka kiasi cha kunata ukiigusa, Fundi Kioo alipandisha jukwaa juu zaidi ya alivyozoea, kichwa kikakaribia kugusa dari, ili kiwiko kisipande kupita bega. Kwa miaka thelathini hakuwahi kuwaza hivyo. Nguvu zilipokuwepo hakukuwa na haja ya kuwaza. Akapaka mkono wa kwanza wa plasta, mwembamba. Ukiwa umeshika ila haujakauka, akapaka wa pili, mwembamba zaidi. Mambo yalikwenda kama siagi.

Halafu, mita mbili juu ya pua ya Mkaguzi, likainuka lengelenge.

"Shemeji!" Mwavuli ulitikisika. "Limerudi! Moja! Lipige!"

Mkono wa Fundi Kioo ulishaanza kwenda. Akauzuia. "Siligusi."

"Unaliacha?"

"Nalisubiri. Plasta bado ni mbichi. Nikilikandamiza sasa, ile hewa itahama tu, itatokea pale. Ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza, kama mtu anayefukuza kuku. Ikikaza kidogo, nikigusa kidole kisichafuke, hapo nakuja na bamba limelala, nalibana mara moja, linakaa."

"Dakika ngapi?"

"Ishirini. Labda zaidi. Huu upande umeoshwa na una gundi kote. Ni hewa ya kweli sasa, si uongo wangu."

Dakika ishirini ni nyingi kwa watu wawili wanaotazama kitu kimoja bila kukigusa. Ya tano, Mkaguzi alisema njaa inauma. Ya saba, alisema fundi naye lazima ana njaa, na kwamba kumwacha fundi na njaa ni ukatili. Ya nane, kopo likashuka kutoka kabatini. Fundi Kioo alijilaza chali juu ya mbao, kopo tumboni, akawa anamteremshia shemeji yake kwa kamba ya kupimia, ndani ya ile soksi nyeusi, biskuti moja moja.

"Mbili tu," alisema Fundi Kioo. "Sitaki mgonjwa anifie chini ya kazi yangu."

"Tatu. Ya tatu ndogo."

Mlango ulifunguka. Dada alikuwa ameomba ruhusa kazini ili aone kazi inavyokwenda. Alisimama kizingitini, mkoba begani, akamwona mumewe chini ya mwavuli na shavu limejaa, akamwona mdogo wake amelala juu kama maiti iliyopendeza, na katikati yao soksi ikibembea.

"Kuna nini humu?"

Wanaume wawili walitazamana, na urafiki wa siku tatu ukafa palepale.

"Alianguka akifuata biskuti!" alisema Fundi Kioo.

"Bega lake limekufa, ndiyo maana hakuosha!" alisema Mkaguzi.

Dada aliweka mkoba chini. Alianza na mumewe, na aliyomwambia yalikuwa marefu, yana tarehe, yana jina la daktari, yana idadi ya mito aliyombadilishia. Kisha akamgeukia mdogo wake. Mwaka mzima! Mwaka mzima unaumwa unanyamaza, unachua magoti yasiyouma, hadi mume wangu azikwe na plasta ndio useme? Mimi ni nani wako, mpangaji?

"Dada," alisema Fundi Kioo, akilitazama lengelenge. Uso wa plasta ulikuwa umeanza kufifia mng'aro. "Dada, samahani sana. Dakika moja tu. Sasa ndiyo saa yake."

"Saa ya nini?"

Alikuwa ameshasimama juu ya mbao. Akagusa pembeni kwa kidole, kikatoka safi. Akachukua bamba, akalilaza bapa, akaanza kubana kutoka ukingoni kuelekea katikati. Lilikuwa mahali pabaya, nyuma kidogo ya kichwa chake, na ilibidi mkono upande kuliko alivyopanga. Bega likashika moto. Mkono ukaanza kutetemeka, na bamba likitetemeka lingechora mawimbi kwenye kazi nzima.

Mbao zikalia. Kiganja kipana chenye harufu ya sabuni kikaja chini ya kiwiko chake, kikakishika, kikakibeba uzito wote. Hakugeuka. Akabana, akahesabu kumi, akavuta bamba taratibu. Chini, Mkaguzi alikuwa ameacha kutafuna.

Lengelenge halikuwepo. Walisubiri. Halikurudi.

"Umemaliza?" aliuliza dada yake, karibu na sikio.

"Nimemaliza."

"Basi shuka tuendelee."

Aliendelea, kama nusu saa nyingine, lakini kwa sauti iliyopungua, na katikati alikwenda kuleta chai, ambayo haikuwa na sukari kwa mtu yeyote.

Dari iliachwa wiki nzima hadi ile rangi ya unyevu ikaisha yote na weupe ukawa mmoja, ndipo ikapakwa rangi. Dada aliigonga kila mahali kwa mpini wa ufagio, kwa kusikiliza, kichwa kimeinama. Ilijibu tatata kutoka ukuta hadi ukuta. Mama mdogo alikuja kukagua, akajitafuta kwa muda mrefu, akaondoka amenuna.

Na Fundi Kioo alikwenda kwa daktari, kwa maana dada yake alimpeleka na kukaa mlangoni. Aliambiwa kuna mazoezi, na kwamba kazi ya mikono juu apunguze nusu. Alipotoka akauliza nusu ile nyingine ataifanya nani.

Jibu lilimjia mwezi uliofuata, katika duka la kinyozi, ambalo dari yake ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta inayong'aa. Dada alikuwa amechukua likizo. Alikuja na madekio mawili, kitambaa kichwani, na kabla Fundi Kioo hajashusha ngazi akawa ameshaipapasa dari na kutikisa kichwa.

"Hii inateleza. Plasta haitashika. Ikwanguliwe na msasa kwanza, yote, ipate makovu, kisha ioshwe, kisha gundi."

"Dada, mwenye duka anataka kufungua kesho."

"Wateja wake wana nywele leo, kesho watakuwa nazo zaidi. Mwambie asubiri."

Kinyozi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mashine mkononi, alimtazama fundi aliyemwita, kisha akamtazama yule mama. "Samahani," alimnong'oneza Fundi Kioo, "kati yenu fundi ni nani?"

Fundi Kioo alifungua kinywa ajibu, lakini dada yake alikuwa tayari anaita maji, na ndoo ilikuwa karibu na mguu wake. Akaiinamia, akaichukua, akaenda bombani.